Henry Timken: Fundi wa magari ya farasi aliyeokoa magurudumu ya wakulima

UKIINGIA katika duka la spea mjini Arusha, Mbeya au Nakuru na kuomba beringi za magurudumu ya nyuma ya Land Rover ya zamani, usishangae muuzaji akikuuliza kama unataka Timken au zile za bei poa.

Wengi hulitaja jina hilo kila siku bila kujua kuwa lilikuwa jina la mtu. Mtu huyo alikulia shambani, akawa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi, na alifariki dunia karibu miaka 40 kabla Land Rover ya kwanza haijatoka kiwandani mwaka 1948.

Henry Timken alizaliwa Agosti 16, 1831 karibu na mji wa Bremen, Ujerumani. Mwaka 1838 baba yake alihamia Marekani na familia yake, wakaweka makazi katika jimbo la Missouri na kuanza kilimo.

Maisha ya shamba yalimfundisha Henry kazi ngumu, lakini hayakumvutia sana. Alipofikisha miaka 16 aliaga nyumbani na kwenda mji wa St. Louis, ambako alijiunga na karakana ya Caspar Schurmeier kujifunza kutengeneza magari ya farasi na magurudumu yake.

Mwaka 1855 alifungua karakana yake mwenyewe. Kama vijana wengi wa wakati ule, naye alivutwa na habari za dhahabu huko Colorado, akaenda kujaribu bahati. Utajiri hakuuona, akarudi kwenye nyundo na patasi zake.

Baadaye vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipozuka Marekani, alitumikia jeshi la mgambo la Missouri kwa cheo cha kapteni. Vita vilipokwisha, alirudi tena kwenye ufundi.

Springi iliyomtajirisha

Mafanikio makubwa ya kwanza yalikuja mwaka 1877, alipopata hataza ya springi ya magari ya farasi. Springi hiyo ilipunguza mtikisiko kwenye barabara mbovu, na watengenezaji wengine walimlipa ili wapate ruhusa ya kuitumia.

Fedha zikaingia. Mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 56 tu, aliacha kazi na kuhamia San Diego, California, kula matunda ya jasho lake.

Hata hivyo, mapumziko hayakumkaa. Baada ya miaka michache alirejea St. Louis, na safari hii lililomsumbua akili lilikuwa gurudumu lenyewe.

Tatizo lililowashinda wengi

Magari mengi ya wakati huo yalikuwa na ekseli ya chuma isiyozunguka, na kikombe cha chuma ndani ya gurudumu ndicho kilichoizunguka, kikilainishwa kwa mafuta mazito. Chuma kilisuguana na chuma, na mnyama alitumia sehemu kubwa ya nguvu zake kupambana na msuguano badala ya kuvuta mzigo.

Beringi za gololi na za rola zilikwishajulikana, na Timken hakuwa wa kwanza kuzifikiria. Ugumu ulikuwa kwenye kona. Gari likienda moja kwa moja, mzigo hukandamiza gurudumu kutoka juu. Likipinda, au likipita kwenye mteremko wa pembeni, mzigo husukuma gurudumu kutoka ubavuni. Beringi ya rola zilizonyooka hubeba vizuri uzito wa juu, lakini ule wa ubavuni huiharibu.

Akishirikiana na Reginald Heinzelman, ambaye alikuwa ndugu wa ukoo wa mkewe, Timken alitumia rola zenye umbo la pia iliyokatwa ncha, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Rola hizo hukaa kati ya koni ya ndani na kikombe cha nje, vyote vikiwa vimelala kwa mshazari.

Kwa mpangilio huo, beringi moja hubeba uzito wa juu na ule wa ubavuni kwa pamoja. Zikiwekwa mbili kwenye habu, moja ikiielekea nyingine, gurudumu haliwezi kusogea ndani wala nje. Aidha, zikianza kulegea kwa kuchakaa kidogo, fundi anaweza kuzikaza tena kwa nati.

Kuna kisa kimesimuliwa miaka mingi kuhusu majaribio ya beringi hizo. Inaelezwa kuwa dereva mmoja alikamatwa St. Louis kwa madai ya kuwatesa wanyama, kwa kuwa gari lake lilionekana kuwa na mzigo mkubwa mno kwa nyumbu wawili waliolikokota. Ilipoonyeshwa jinsi magurudumu yalivyozunguka kwa wepesi, aliachiwa huru.

Hataza za beringi hizo zilitolewa mwaka 1898. Mwaka uliofuata Timken na wanawe, William na Henry, walianzisha kampuni ya Timken Roller Bearing Axle. Mwaka 1901 kampuni ilihamia Canton, Ohio, karibu na viwanda vya chuma vya Pittsburgh na vya magari vya Detroit.

Uamuzi huo ulikuwa wa kibiashara kuliko wa kiufundi. Timken alikuwa amejenga jina kwa magari ya farasi, lakini aliona kuwa wateja wa kesho watakuwa wenye magari ya injini. Alifariki dunia Machi 16, 1909 mjini San Diego, akiwa na umri wa miaka 77.

Somo kwa mwenye gari la shamba

Kazi ya mzee huyo bado iko chini ya magari yetu. Land Rover za Series II na III, ambazo zingali zinabeba mbolea, maziwa na mahindi vijijini, zina beringi mbili za aina hiyo katika kila habu ya nyuma.

Kujua kama zimechoka si kazi ngumu. Inua gurudumu kwa jeki, weka gogo au stendi imara chini ya ekseli, zuia magurudumu mengine, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, au likitoa mkwaruzo unapolizungusha, fungua habu uangalie.

Ukiona madoa, mikwaruzo au rangi ya bluu ya kuungua kwenye rola, badilisha koni pamoja na kikombe chake. Koni mpya ndani ya kikombe kilichochakaa ni fedha iliyotupwa. Badilisha pia sili, kwani maji ya mtoni na tope ndiyo adui mkubwa, na jaza grisi hadi ipenye katikati ya rola.

Mafundi wengi hukosea kwenye kukaza. Kaza nati huku ukizungusha habu ili rola zikae sawa, kisha ilegeze kidogo mpaka ubaki mchezo mdogo mno, kwa kipimo cha kitabu cha gari, ndipo uifunge isirudi. Beringi iliyokazwa kupita kiasi huungua mapema kuliko iliyochakaa.

Wenye pikipiki za magurudumu manne wajue kuwa nyingi za zamani hutumia beringi za gololi kwenye ekseli ya nyuma. Hizo hazina nati ya kuzirekebisha. Zikianza kulegea, dawa ni kuzitoa na kuweka mpya pamoja na sili zake.

Seti ya beringi ni gharama, lakini ni ndogo ukilinganisha na gurudumu linalochomoka barabarani gari likiwa limejaa mavuno na watu. Timken alitumia miaka ya uzee wake kuhakikisha jambo hilo halitokei. Mwenye gari anadaiwa nusu saa tu ya ukaguzi kabla ya msimu wa mavuno.