Mzee Cunningham na Ferrari iliyomuua rafiki yake

Wadau, leo niwatoe kidogo kwenye siasa. Tangu nimalize kidato cha nne ugonjwa wangu ni mmoja tu: magari ya zamani ya mashindano, hasa yale ya miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili. Kila nikiona picha ya gari la namna hiyo lililotunzwa vizuri najiuliza, hivi ni nani aliyekataa kulipeleka skrepa? Maana gari la mashindano likishapitwa na wakati halina kazi tena. Halibebi mchele, halipeleki watoto shule. Linanyofolewa injini, bodi linatupwa nyuma ya gereji, basi.

Baba yangu mdogo alikuwa na Peugeot 504. Siku moja narudi shule nakuta imekatwa vipande, imeshauzwa kwa kilo. Nilikuwa darasa la tano na nililia, jamani, sioni aibu kusema.

Ndiyo maana nimetokea kumpenda huyu mzee wa Kimarekani anayeitwa Briggs Swift Cunningham. Alizaliwa tarehe 19 Januari 1907 kule Cincinnati, jimbo la Ohio, kwenye familia yenye hela za biashara ya nyama na benki. Alisoma chuo cha Yale, hakumaliza, akaoa mwaka 1929 binti wa bwana mkubwa wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil. Kwa kifupi mkwanja haukuwahi kuwa shida yake. Wapo matajiri wengi waliozaliwa na hela wakazitapanya bila kuacha hata kijiko. Huyu naye alitapanya, tena sana, ila vitu alivyonunua na kutengeneza bado tunavyo.

Vita ilipokwisha Marekani haikuwa na utamaduni mkubwa wa mbio za magari madogo ya kispoti kama Ulaya. Walikuwepo vijana wachache wenye uwezo, wanajuana wote, wanakimbizana kwenye barabara za kawaida zilizofungwa kwa siku moja. Mji mmojawapo ni Watkins Glen, jimbo la New York, ambako mbio zilianza mwaka 1948. Kundi hilo ndilo alilokuwemo Cunningham, pamoja na ndugu wawili wa familia tajiri ya Florida, Sam Collier na Miles Collier. Marafiki kabisa, wa kuazimana magari.

Mwaka 1949 Cunningham akanunua Ferrari kupitia kwa Luigi Chinetti, Muitaliano aliyekuwa akiziuza Marekani. Ilikuwa aina ya 166 Spider Corsa, injini ya silinda 12 lakini lita 2 tu. Fikiria, silinda 12 ndani ya lita mbili, kila pistoni ni kama kikombe cha kahawa! Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa Ferrari ya kwanza kuuzwa Marekani. Mwaka huohuo aliiendesha Watkins Glen akashika nafasi ya pili. Aliyemshinda ni nani? Miles Collier, akiwa na gari la Kiingereza la Riley lililofungwa injini ya Ford. Nacheka kila nikikumbuka. Unaagiza Ferrari kutoka ng'ambo, halafu rafiki yako anakupita na injini ya Ford.

Juni 1950 wakaenda wote Ufaransa kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Cunningham alipeleka Cadillac mbili. Moja ilikuwa na umbo lake la kawaida kabisa, gari la mzungu wa kwenda kanisani, na ndiyo waliyopewa Sam na Miles. Ya pili waliivua bodi lote wakaivisha jingine la bapa, pana, lililochorwa na mhandisi wa kiwanda cha ndege cha Grumman. Lilikuwa baya! Wafaransa wakaliita Le Monstre, yaani dubwana. Cunningham mwenyewe alikuwa kwenye usukani wa dubwana hilo, na mapema tu akaingia mchangani akakwama, ikabidi alichimbue. Pamoja na hayo magari yote mawili yalimaliza saa 24. Wale ndugu wawili na Cadillac yao ya kawaida walikuwa wa 10, dubwana likawa la 11.

Sasa sikiliza kilichofuata. Septemba 1950, miezi mitatu tu baada ya Le Mans, wamerudi Watkins Glen. Cunningham akampa Sam Collier ile Ferrari aiendeshe. Mbio ikiwa bado changa Sam akatoka nje ya barabara, gari likapinduka, akafariki.

Hapa ndipo nilipomfikiria sana huyu mtu. Kwetu gari likishaua linaitwa gari la mkosi. Litauzwa mkoa wa mbali kwa mtu asiyejua habari zake, au litaachwa liozee uani hadi kuku watagie ndani. Na gari lenyewe ni lako, aliyekufa ni rafiki yako, funguo ulimpa wewe kwa mkono wako. Cunningham hakuiuza ile Ferrari na hakuivunja. Aliiweka. Akakaa nayo zaidi ya miaka 30.

Wakati huo alikuwa na ndoto nyingine, kwamba Mmarekani ashinde Le Mans na gari la Kimarekani. Akafungua karakana West Palm Beach, Florida, akaanza kutengeneza magari ya jina lake, meupe yenye mistari miwili ya bluu. Maarufu kuliko yote ni C-4R la mwaka 1952, lililobeba injini ya Chrysler ya V8 ya lita 5.4. Mwaka huo yeye na mwenzake Bill Spear walishika nafasi ya nne Le Mans, na katika zile saa 24 Cunningham aliendesha karibu saa 20 peke yake. Alikuwa na miaka 45. Mimi safari ya basi ya saa kumi tu, tena nimekaa, nashuka nimevimba miguu.

Mwaka 1953 gari lake aina ya C-4R likashinda saa 12 za Sebring kule Florida. Le Mans ya mwaka huo alipeleka magari matatu na yote matatu yakamaliza, bora likiwa la tatu. Mwaka 1954 akapata nafasi ya tatu na ya tano. Ushindi wa jumla haukuja. Mwaka 1953 Jaguar walikuja na breki za diski, wakati Cunningham bado yuko kwenye breki za dramu. Gari lake lilikuwa na nguvu za kutosha kwenye ile barabara ndefu iliyonyooka, ila ukifika mwisho lazima upunguze mwendo mapema, maana dramu zikishapata moto hazishiki. Mwenzio mwenye diski anakuja anakupita palepale. Wadau wenye magari ya zamani wanaelewa ninachosema.

Halafu kuna watu wa kodi. Sheria ya Marekani wakati ule ilikuwa kwamba biashara ikipata hasara miaka mitano mfululizo haihesabiwi tena kuwa biashara, inahesabiwa starehe, na hasara yake huwezi kuikata kwenye kodi. Kiwanda cha Cunningham hakikuwahi kupata faida. Mwaka 1955 alipeleka Le Mans gari lake la mwisho, C-6R, halikumaliza, na ndiyo mbio ileile ya ajali mbaya iliyoua zaidi ya watu 80, wengi wao watazamaji. Baada ya hapo akafunga karakana. Kikombe cha kwanza cha Kimarekani pale Le Mans kilikuja mwaka 1966, wakakichukua Ford.

Nisimsahau kwenye maji, ingawa siyo mada yangu. Mwaka 1958 alikuwa nahodha wa mashua iitwayo Columbia, akawashinda Waingereza mara nne kwa bila kwenye kombe la Amerika la mashua za tanga. Hadi leo kamba moja ya kuvutia tanga chini kwenye mlingoti mabaharia wa mashua za mbio wanaiita Cunningham, kwa sababu mbinu hiyo ni yake.

Turudi kwenye magari. Mwaka 1966 alifungua jumba la makumbusho Costa Mesa, California. Alichoweka mle ndani ndicho kinachonifurahisha: hakuchagua magari yaliyoshinda tu. Dubwana la nafasi ya 11 lilikuwemo, C-6R lililomharibikia lilikuwemo, na Ferrari ya Sam ilikuwemo. Watengenezaji wengi miaka ile gari likishindwa wanalikata ili wapate vyuma vya gari la mwaka unaofuata, na kibiashara hilo ni sawa kabisa. Cunningham hakuwahi kuwa mfanyabiashara mzuri, nadhani hilo tumeshaona.

Makumbusho nayo inakula hela. Mwishoni mwa 1986, akiwa anakaribia miaka 80, akaamua kufunga. Hapo ndipo makusanyo ya namna hii hufa. Madalali wanakuja, hili linakwenda Japani, lile Uswisi, linafungiwa stoo ya mtu na halionekani tena. Hata Bugatti Royale yake, gari la kabla ya vita, iliuzwa mnadani London mwaka 1987 kwa zaidi ya pauni milioni 5. Lakini magari mengine karibu yote yalinunuliwa kwa pamoja na mtu mmoja wa Florida aitwaye Miles Collier.

Umeshtuka? Mimi nilirudia kusoma mara mbili. Huyu siyo yule Miles wa Riley, ni mtoto wake, mwenye jina la baba. Kwa maana hiyo Sam aliyefariki Watkins Glen ni baba yake wa ukoo.

Magari yakahamishiwa mji wa Naples, Florida, ambako leo taasisi ya Collier iitwayo Revs Institute ina magari zaidi ya 100. Kuna mafundi wanaoyahudumia, na Collier ameandika kitabu kizima akieleza kwamba gari la zamani lisomwe kama masalia ya kale, lisipakwe rangi upya kila likichubuka, kwa sababu mkwaruzo nao ni sehemu ya habari zake.

Cunningham alifariki tarehe 2 Julai 2003, Las Vegas, akiwa na miaka 96. Dubwana liko Naples, na ile Ferrari iko palepale, kwa mtoto wa ndugu yake Sam.