Basquiat: kutoka kuta za barabara hadi makumbusho

Jean-Michel Basquiat alizaliwa mjini New York, Marekani, tarehe 22 Desemba 1960. Baba yake alitoka Haiti, na mama yake alikuwa wa ukoo wa Puerto Rico. Akiwa na miaka 7 aligongwa na gari, na madaktari wakamtoa wengu. Mama yake alimletea hospitalini kitabu chenye picha za viungo vya mwili. Mafuvu na mifupa ya kitabu hicho vilirudi baadaye katika michoro yake mingi.

Aliacha masomo na kutoka nyumbani kwa baba yake. Mwaka wa 1978, yeye na rafiki yake Al Diaz walikuwa wakijaza kuta za Manhattan maandiko kwa jina la SAMO. Zilikuwa sentensi fupi zenye kuchokoza wenye mali na tabia za watu wa mji. Wapita njia walizisoma bila kumjua mwandishi. Mwaka wa 1980 wawili hao walitengana. Basquiat alilala kwa marafiki na kuuza kadi alizochora mwenyewe ili apate chakula.

Miaka miwili tu baadaye, kazi zake zilionyeshwa Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa mjini Kassel, Ujerumani. Taji la ncha tatu likawa alama yake. Aliwavika taji hilo watu Weusi, hasa wanamuziki na wanamichezo.

Lakini kuandika ukutani kulikuwa bado hatari. Septemba 1983, polisi walimkamata kijana Mweusi, Michael Stewart, wakimshutumu kuandika kwenye ukuta wa kituo cha treni ya chini ya ardhi. Alifikishwa hospitalini bila fahamu, akafariki siku 13 baadaye. Basquiat, aliyeona kwamba hayo yangeweza kumpata yeye mwenyewe, alichora askari wawili wenye virungu wakimzunguka mtu mweusi. Mwaka wa 1985, askari sita walioshtakiwa waliachiliwa wote.

Mwaka wa 1986 Basquiat alionyesha michoro yake Abidjan, Côte d'Ivoire. Wakati huo dawa za kulevya zilikuwa zimemshika. Kifo cha rafiki yake mchoraji Andy Warhol, mwaka wa 1987, kilimvunja moyo. Heroini ilimuua tarehe 12 Agosti 1988, akiwa na miaka 27.

Mwaka wa 2017, fuvu alilochora mwaka wa 1982 liliuzwa kwa mnada zaidi ya dola milioni 110. Maandiko yake ya ukutani yalikuwa yamekwisha kufutwa zamani.