Askofu Kataliko na barua ya Noeli

Wanafunzi wenzangu wakitaja jina la Kataliko, wengi huanza na kifo chake. Mimi naanza na barua, maana sisi wa kitivo cha lugha tunapaswa kujiuliza ni maneno ya namna gani yanayomfanya mtu afukuzwe mjini.

Emmanuel Kataliko alizaliwa Lukole mwaka 1932. Alisomea Roma, akapewa upadri mwaka 1958, na mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 34 tu, alikabidhiwa jimbo la Beni, ambalo leo linaitwa Butembo-Beni. Kabla yake lilikuwa chini ya Askofu Henri Piérard, mmisionari. Kataliko alilichunga kwa miaka 31. Huku kwetu anakumbukwa kwa mambo yanayoonekana kwa macho: barabara, vituo vya afya, na hasa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989. Serikali ya Mobutu ilikuwa mbali. Baba Askofu alikuwa karibu.

Mwaka 1997 aliteuliwa Askofu Mkuu wa Bukavu. Mtangulizi wake, Christophe Munzihirwa, alikuwa ameuawa katika mji huo huo mwezi wa Oktoba 1996. Kukubali kukalia kiti kile, kwa maoni yangu, kulidai ujasiri kuliko hata barua yenyewe.

Barua ilitoka Noeli ya 1999, Bukavu ikiwa mikononi mwa waasi wa RCD-Goma walioungwa mkono na Rwanda. Ndani yake alilaumu mataifa ya kigeni yaliyoendesha vita kwa mali ya Kongo, pamoja na Wakongo waliowasaidia. Lakini hakuishia kwa wageni. Alimgeukia pia mtu wa nyumbani anayemsaliti ndugu yake kwa noti ya dola kumi au ishirini. Hapo ndipo ninaposimama kila mara. Angeweza kutaja tamaa ya fedha kwa jumla, na hakuna ambaye angeshtuka. Yeye alitaja bei, na noti hiyo kila mtu aliijua kwa mkono.

Tarehe 12 Februari 2000 alizuiwa kurudi Bukavu, akapelekwa Butembo. Adhabu ya ajabu: kumhamishia mtu kwao! Butembo ilikuwa chini ya kundi lingine la waasi, lililoungwa mkono na Uganda, na waumini aliowalea miaka 31 walimpokea kama baba aliyerudi. Kule Bukavu waumini waligoma. Makanisa na shule za Kikatoliki zikafungwa.

Miezi saba ilipita. Tarehe 14 Septemba aliruhusiwa kurudi kwa kondoo wake. Hakumaliza mwezi mmoja: tarehe 4 Oktoba moyo ulisimama akiwa Roma, alikokwenda kwa mkutano wa maaskofu. Mwili wake ulirudishwa Bukavu, akazikwa kwenye kanisa kuu, kati ya watu waliomngoja miezi ile yote.