GALILEO GALILEI: MWALIMU ALIYEKUBALI KWAMBA ALIKOSEA

Msomaji mpendwa, hebu nikuulize swali. Ukidondosha jiwe kubwa na jiwe dogo kwa wakati mmoja kutoka orofa ya juu, ni lipi litakalotangulia kufika chini? Mimi nilipoulizwa swali hilo darasani nilijibu mbio mbio kwamba ni lile kubwa. Darasa zima likaangua kicheko, ingawa najua wengi wa waliocheka walikuwa na jibu lilo hilo mdomoni. Siku hiyo nilienda nyumbani nikijiambia kwamba Fizikia si somo langu. Kilichonirudisha ni maisha ya mzee huyu ninayetaka kuwasimulia.

Galileo Galilei alizaliwa tarehe 15 Februari 1564 katika mji wa Pisa, nchini Italia. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mwanamuziki mwenye jina, lakini mfuko wake haukuwa mzito. Mwaka wa 1581 kijana aliingia Chuo Kikuu cha Pisa kusomea udaktari. Huko akakutana na mafunzo ya hisabati ya Ostilio Ricci, na moyo wake wote ukahamia upande huo. Mwaka wa 1585 aliondoka chuoni bila shahada. Naam, bila shahada! Hata hivyo, mwaka wa 1589 alirudi chuo kile kile, safari hii akiwa mwalimu wa hisabati, kwa mshahara mdogo.

Siku zile elimu ya mwendo wa vitu ilitoka katika maandishi ya Aristotle, Mgiriki aliyekuwa amekufa zaidi ya miaka 1900 iliyotangulia. Yeye alifundisha kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi. Galileo aliona kuna kasoro, lakini msidhani alipata jibu papo hapo. La hasha! Karibu mwaka wa 1590 aliandika kwamba kila kitu kina kasi yake maalumu ya kuanguka, madini ya risasi kwa kasi yake na mbao kwa kasi yake. Kumbe alikosea. Maandishi hayo hakuyachapisha. Ile hadithi kwamba alipanda mnara ulioinama wa Pisa na kudondosha vitu mbele ya watu iliandikwa na mwanafunzi wake Viviani, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka.

Mwaka wa 1592 alihamia chuo cha Padua, akafundisha huko miaka 18. Baba yake alikuwa ameshakufa, na mzigo wa familia ulikuwa mabegani mwake. Basi akapangisha wanafunzi vyumba nyumbani kwake, akauza vifaa vya kupimia, na hata tuisheni alifundisha.

Katika miaka hiyo alipata wazo lililobadilisha mambo. Kitu kinachoanguka huenda mbio mno hata macho hayawezi kukifuata. Je, kikiteremka polepole? Alichukua ubao mrefu, akachonga mfereji mwembamba ulionyooka, akaulainisha, kisha akauinamisha kidogo. Humo akabingirisha mpira mdogo wa shaba nyeusi. Saa ya kuhesabu sekunde hakuwa nayo, kwa hiyo aliacha maji yatiririke kutoka chomboni kwa mrija mwembamba, halafu akayapima uzito. Maji mengi, muda mrefu. Maji machache, muda mfupi. Alirudia kazi hiyo mara nyingi sana.

Akaona ajabu. Ikiwa katika kipindi cha kwanza mpira umekwenda hatua 1, katika kipindi cha pili huenda hatua 3, cha tatu hatua 5, cha nne hatua 7. Ukijumlisha unapata 1, 4, 9, 16. Wenzangu wa kidato cha tatu, ndiyo siri ya ule ukanda wa karatasi tunaouvuta maabarani, ambao nukta zake huzidi kuachana!

Lakini hata hapo alijikwaa tena. Mwaka wa 1604 alidhani kasi huongezeka kulingana na umbali. Ilimchukua muda kutambua kwamba huongezeka kulingana na wakati.

Mwaka wa 1610 alitangaza aliyoyaona kwa darubini, ikiwemo miezi minne ya sayari ya Jupita. Sifa zikaenea, na uadui pia. Kwa kutetea kwamba dunia hulizunguka jua, alishtakiwa mbele ya mahakama ya Kanisa huko Roma mwaka wa 1633. Alikuwa na miaka 69. Alilazimishwa kupiga magoti na kukana aliyoyaamini, kisha akafungiwa nyumbani mpaka mwisho wa maisha yake.

Je, alikata tamaa? Akiwa kifungoni, macho yakipofuka, alikamilisha kitabu chake kuhusu mwendo, kikachapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka wa 1638. Ndani yake alieleza wazi kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuamini lile kosa la umbali. Hapa ndipo liliponigusa jambo hili. Huko Roma alilazimishwa kukana ukweli. Katika kitabu hiki alikiri kosa, wala hakuna aliyemshurutisha.

Alikufa tarehe 8 Januari 1642. Mwaka wa 1971 mwanaanga David Scott alidondosha nyundo na unyoya mwezini, mahali pasipo na hewa ya kuuzuia unyoya. Vikafika chini pamoja.

Wahenga walinena kwamba kuteleza si kuanguka. Wenzangu, mwenzenu akikosea darasani msimcheke, na wewe uliyekosea usikimbie somo. Mimi nimebaki na Fizikia yangu.