Mahalanobis, mwanatakwimu aliyepima umaskini na kosa lake

Serikali inapotangaza kwamba umaskini umepungua, swali hubaki: umepungua kweli, au kaya zilizoangukiwa na kura ya kuhojiwa safari hii ndizo zilizokuwa na nafuu? Prasanta Chandra Mahalanobis wa India, ambaye maisha yake tunayaangazia leo, alilishughulikia swali hilo kwa miaka mingi.

Alizaliwa Calcutta tarehe 29 Juni 1893, akasomea fizikia Cambridge, Uingereza, na huko ndiko alikokutana na jarida la takwimu lililombadilisha mwelekeo. Mwaka 1931 alianzisha Taasisi ya Takwimu ya India katika chumba cha Chuo cha Presidency, alikokuwa akifundisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 alipewa kazi ya kukadiria eneo lililolimwa juti huko Bengal. Kupima kila shamba kungekula fedha nyingi, hivyo akachukua sampuli. Lakini hakuchukua moja tu. Alichagua sampuli mbili au zaidi, kila moja kwa kura yake na kila moja ikiwakilisha eneo zima, akazikabidhi kwa wadadisi tofauti. Ni kama mpishi anayeonja mchuzi pande mbili za sufuria. Majibu yakikaribiana, hesabu inaaminika. Yakiachana, ama kura imepotosha, ama wadadisi wamezembea.

Baada ya njaa ya Bengal ya 1943, taasisi yake ilizihoji familia za vijijini kujua nani amepoteza shamba na nani amebaki na kitu. Mwaka 1950, wakati wa Waziri Mkuu Nehru, ukaanza utafiti wa kitaifa wa sampuli, uliouliza kaya zinatumia kiasi gani.

Wengi humkumbuka kwa Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, uliotanguliza viwanda vizito na kuzua ubishi mwingi. Sisi tunaona kazi yake ya 1960 ina uzito zaidi. Alizipanga kaya kuanzia maskini hadi tajiri, akazigawa katika makundi yenye idadi sawa, kisha akachora mstari wa matumizi yao. Kila sampuli ilichorewa mstari wake, na nafasi kati ya mistari miwili ndiyo iliyokuwa kipimo cha kosa. Mstari wa mwaka mwingine usipoachana na hiyo kuliko nafasi hiyo, hakuna msingi wa kudai kwamba hali ya maskini imebadilika.

Mahalanobis alifariki tarehe 28 Juni 1972, siku moja kabla ya kutimiza miaka 79.