Mtakatifu Yohane wa Mungu: Aliyefungwa kama Mwendawazimu, Akawa Baba wa Waliotupwa

Kila mwaka tarehe 8 Machi, Mama Kanisa hufanya kumbukumbu ya Mtakatifu Yohane wa Mungu, msimamizi wa hospitali, wagonjwa na wauguzi. Waamini wengi wanamfahamu kwa picha yake, akiwa amembeba mgonjwa. Si wengi wanaokumbuka kwamba kabla ya kuwabeba wengine, yeye mwenyewe alifungwa kamba na kuchapwa miongoni mwa watu walioitwa wendawazimu. Sehemu hiyo ya maisha yake inastahili kutafakariwa na kila familia na kila jumuiya yenye mgonjwa wa akili.

Alizaliwa mwaka 1495 huko Montemor-o-Novo, nchini Ureno, akaitwa João Cidade. Akiwa na umri wa miaka minane hivi aliondoka nyumbani, akafika Oropesa nchini Hispania, ambako alilelewa na watu baki na kuchunga kondoo. Alipokuwa kijana aliingia jeshini. Siku moja aliwekwa kulinda ngawira. Ilipoibwa, nusura anyongwe. Aliporudi kwao akiwa mtu mzima, aliambiwa kwamba baba na mama walikwisha kufariki. Baadaye, huko Ceuta, alifanya kibarua kwenye ujenzi wa ngome ili ailishe familia moja ya Kireno iliyokuwa uhamishoni. Mwishowe akawa mchuuzi wa vitabu na picha takatifu, akafungua duka dogo karibu na Lango la Elvira mjini Granada. Alikuwa amevuka miaka 40, hana mke, hana mtoto wala ndugu wa karibu.

Tarehe 20 Januari, katika sikukuu ya Mtakatifu Sebastiani, alisikiliza mahubiri ya Padre Yohane wa Avila, ambaye leo ni Mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa. Maneno yale yalimchoma moyo. Alitoka akilia kwa sauti, akijipigapiga kifua, akijing'oa nywele na kujigaragaza matopeni. Aligawa mali yake yote na kutembea mitaani akiwa karibu uchi. Wapo wanaosema alijifanya mwendawazimu ili adharauliwe kwa ajili ya Kristo. Wapo wanaoona kwamba akili yake ilitikisika kweli. Vyovyote iwavyo, utakatifu wake haupungui. Ugonjwa wa akili si dhambi, wala haumwondolei mtu heshima aliyopewa na Muumba wake.

Mji wa Granada ulimpokeaje? Watoto walimfuata wakimrushia mawe na matope, na watu wazima wakacheka. Watu wawili waungwana walimwonea huruma, wakamtoa mikononi mwa umati na kumpeleka kwenye Hospitali ya Kifalme, iliyoanzishwa mwaka 1504 kwa amri ya wafalme wa Hispania. Walitenda wema, lakini wema wao uliishia langoni. Ndani ya jengo lile zuri Yohane alifungwa mikono na miguu na kuchapwa kwa kamba iliyokunjwa. Waliomchapa hawakujiona wakatili, kwa maana tiba ya wakati ule ilidai kwamba maumivu humrudishia mtu akili zake.

Hapo ndipo tunapoona jinsi jamii inavyoweza kumwangusha mgonjwa mara mbili: mtaani kwa mawe na kicheko, hospitalini kwa kamba na kipigo. Granada haikukosa hospitali wala watu wenye huruma ya kitambo. Ilikosa watu wa kudumu na mgonjwa.

Mtu mmoja alidumu naye. Yohane wa Avila, aliposikia yaliyompata, hakumkana wala kuona aibu kuhusishwa naye. Alimpelekea ujumbe wa faraja na kumshauri autumie upendo wake kwa Mungu katika kuwahudumia maskini. Yohane akatulia. Alipofunguliwa alianza kufagia, kuosha vyombo na kuwahudumia wagonjwa wenzake. Aliwakemea watumishi kwa ukali wao juu ya ndugu zake, akamwomba Mungu ampe siku moja nyumba ya kuwapokea maskini waliotelekezwa na waliopotewa na akili, ili awatunze kama alivyotamani watunzwe.

Baada ya kutoka alikwenda kuhiji kwa Bikira Maria huko Guadalupe, kisha akarudi Granada na kujipatia riziki kwa kuuza kuni. Wale waliomrushia mawe sasa walimwona akipita na mzigo kichwani. Alipanga nyumba na kuanza kuwakusanya waliolala vibarazani: vilema, wakoma, mabubu, wazee, watoto yatima, mahujaji na wagonjwa wa akili. Jioni alipita mitaani na kikapu mgongoni na vyungu viwili shingoni, akiomba chakula, huku akiwakumbusha watu kwamba anayemtendea maskini mema anaitendea mema nafsi yake. Nyumba yake ilifikia kuwa na watu zaidi ya 100. Madeni yalimwelemea hata akaogopa kutoka nje, lakini hakumfukuza mtu. Askofu Sebastián Ramírez de Fuenleal alimvika vazi la kitawa na kumpa jina la Yohane wa Mungu. Wenzake wa kwanza walikuwa Antón Martín na Pedro Velasco, mahasimu wa damu aliowapatanisha.

Mwaka 1549 Hospitali ya Kifalme ilishika moto. Watu walisimama nje wakitazama. Yohane aliingia katika jengo lile lile alimochapwa, akawatoa wagonjwa mmoja mmoja, kisha akatupa vitanda na magodoro kupitia madirishani. Hakuwa na kisasi na nyumba ile. Aliyajua mateso ya waliokuwa ndani.

Muda mfupi baadaye aliugua baada ya kujitosa katika mto Genil akijaribu kumwokoa kijana aliyekuwa akizama. Askofu Mkuu Pedro Guerrero alipomtembelea, kilichomsumbua mgonjwa ni maskini wake na madeni yake. Askofu Mkuu akakubali kuyabeba yote mawili. Yohane alifariki akiwa amepiga magoti, tarehe 8 Machi 1550. Mji uliomcheka ulimzika kwa heshima kuu. Alitangazwa Mtakatifu mwaka 1690. Shirika la Ndugu zake linaendelea na kazi hiyo hadi leo, pamoja na huduma kwa wagonjwa wa akili huko Mzuzu, nchini Malawi.

Ndugu wapendwa, Injili ya Marko sura ya 5 inasimulia habari za mtu aliyeishi makaburini, ambaye watu walizoea kumfunga minyororo. Yesu alimponya, kisha hakumruhusu afuatane naye, bali alimrudisha nyumbani kwa watu wake. Uponyaji ulipaswa kukamilika nyumbani. Kwetu mara nyingi hapo ndipo unapokwama. Mgonjwa huruhusiwa kutoka hospitalini akiwa na nafuu, dawa zinakwisha na hakuna wa kumrudisha kliniki, familia inachoka, naye anarudi barabarani au anafungiwa chumbani. Jumuiya Ndogo Ndogo humtembelea mgonjwa wa malaria au wa kisukari, lakini nyumba ya mgonjwa wa akili hupitwa kimya kimya. Wengine husema amerogwa, na neno hilo humchelewesha kupata tiba.

Sala ni ya lazima, nayo haishindani na dawa. Jumuiya inaweza kumtaja mgonjwa kwa jina lake katika maombi, kumpokea mama mzazi zamu ya usiku mmoja ili apumzike, kuchanga nauli ya kliniki, kumpa aliyepata nafuu kazi ndogo ya mikono, na kuwakataza watoto kumzomea. Yohane wa Mungu alisimama tena kwa sababu mtu mmoja hakumwacha. Parokia ina watu wengi zaidi ya mmoja.

Mtakatifu Yohane wa Mungu, utuombee.