Mswaki wa Daktari Kirk: jinsi sumu inavyofika mdomoni bila mtu kujua

Mama, au wewe mlezi uliyeachiwa watoto, tuanze na swali moja. Dawa ya kupulizia pamba, vitunguu au alizeti inakaa wapi hapo nyumbani? Pasipo na stoo, huishia chini ya kitanda, au jikoni pembeni ya dumu la mafuta ya kula. Kabla ya kueleza kwa nini tunauliza, tukusimulie maisha ya daktari aliyeishi Zanzibar karibu miaka 20, ambaye kabla ya hapo alionja sumu ya mishale kwa mswaki wake mwenyewe.

Jina lake John Kirk. Alizaliwa Desemba 1832 karibu na mji wa Arbroath huko Scotland, baba yake akiwa mchungaji wa kanisa. Alimaliza masomo ya udaktari Edinburgh mwaka 1854, kisha akahudumia hospitali ya Waingereza nchini Uturuki wakati wa vita vya Crimea. Pamoja na udaktari alipenda sana mimea, na ndiyo maana mwaka 1858 David Livingstone alimchukua katika safari ya mto Zambezi, awe daktari na mtaalamu wa mimea kwa pamoja.

Safari ile iliwatesa. Homa iliwaandama, na mke wa Livingstone, Mary, alifia Shupanga mwaka 1862. Lakini Kirk hakuacha kukusanya mimea. Katika bonde la mto Shire, ambalo sehemu yake kubwa leo iko Malawi, aliwakuta wawindaji wanaopaka mishale yao sumu waliyoiita kombe. Ilitengenezwa kwa mbegu za mmea unaopanda juu ya miti. Kirk akachukua kiasi, akakiweka mfukoni.

Mfuko huohuo ulikuwa na mswaki wake.

Siku moja, akiwa na mafua, alipiga mswaki akasikia uchungu mkali mdomoni. Akajipima mapigo ya moyo, akakuta yamepungua kasi. Kiasi kilichoingia kilikuwa kidogo mno, ndiyo maana hakudhurika. Lakini fikiria: huyu alikuwa daktari, alijua fika kwamba ile ni sumu, na aliibeba kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili anayeokota chupa ya soda chini ya kitanda hajui lolote kati ya hayo.

Watu wa Singida hawahitaji kwenda Malawi kuielewa sumu hiyo. Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, wakiwemo wanaoishi wilaya ya Mkalama, hupaka mishale yao sumu ya mmea ulio ndugu wa kombe. Vitabu humtaja Kirk kama mgunduzi, lakini waliogundua ni wawindaji, ambao majina yao hayakuandikwa. Kirk alichofanya ni kutambua kwamba kitu kinachopunguza mapigo ya moyo kinaweza pia kuwa dawa.

Mwaka 1866 alikuja Zanzibar, kwanza kama daktari wa ofisi ya ubalozi wa Uingereza, baadaye akawa balozi mwenyewe. Alikuwapo Juni 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na ni yeye aliyembana Sultani hadi akakubali. Alikuwa mtumishi wa serikali iliyokuwa na tamaa zake katika pwani hii, hilo tusilifiche. Aliporudi kwenye mapenzi yake ya zamani, alipanda bustani ya mimea ya kigeni Mbweni. Hata digidigi unaowaona vichakani Singida, kwa jina la kisayansi wanaitwa kwa jina lake, kama ilivyo kwa kima punju wa Unguja. Aliondoka Zanzibar miaka ya 1880, akafariki Uingereza Januari 1922 akiwa na umri wa miaka 89.

Kombe nayo ilifika Edinburgh, mikononi mwa daktari Thomas Fraser. Mwaka 1885 Fraser aliitambulisha kama dawa ya moyo uliochoka, na madaktari waliitumia kwa miaka mingi. Fraser huyohuyo, alipokuwa bado mwanafunzi, alikuwa amechunguza sumu nyingine ya Afrika: harage la Calabar, Nigeria, ambalo mtu aliyetuhumiwa uchawi alilishwa ili ajulikane kama ana hatia. Harage hilo nalo hupunguza mapigo ya moyo. Ukipima mapigo peke yake, huwezi kujua ni sumu ipi. Ndani ya mwili, hata hivyo, zinapita njia tofauti.

Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda moyoni, nao hufanya kazi kama breki. Ukitaka kupunguza mwendo wa moyo, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyohiyo huamuru mate, machozi, jasho, tumbo na misuli. Ikishamaliza kazi, mwili una kimeng'enya cha kuifagia. Kombe husukuma moyo wenyewe, na pia huikaza ile breki. Harage la Calabar humzuia mfagiaji. Asetilikolini inajaa, na mwili unazama katika maji yake wenyewe.

Hapa ndipo tunarudi chini ya kitanda chako. Dawa nyingi za wadudu wa shambani na za kupe wa mifugo, zile za jamii ya oganofosfeti na kabameti, humzuia mfagiaji huyohuyo. Mtoto aliyezinywa, au aliyemwagikiwa mwilini, hutokwa mate na machozi mengi, hutoa jasho, hutapika, huharisha. Mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano. Misuli hutetemeka, kifua hujaa majimaji, pumzi hukatika. Kinachoua mara nyingi ni hiyo pumzi.

Fraser alionyesha kwa wanyama kwamba atropini inaweza kuokoa maisha dhidi ya harage la Calabar. Huziba mlango ambao asetilikolini huingilia. Mpaka leo hospitali hutumia atropini kwa sumu za dawa za wadudu, sindano baada ya sindano, mpaka kifua kikauke. Atropini imo pia katika mnanaha, ule mmea wa maua marefu meupe na tunda la miiba. Tafadhali usijaribu kuuchemsha. Kiasi chake hakipimiki jikoni, na mnanaha wenyewe huua watoto.

Mtoto akipatwa, usimtapishe, na usimpe maziwa wala mafuta. Tunajua maziwa ndiyo jambo la kwanza ambalo majirani watakuambia, lakini hayaondoi sumu hii, na mtoto aliyelegea yanaweza kumwingia kwenye mapafu. Vaa mifuko ya plastiki mikononi, mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mlaze kwa ubavu, muwahishe. Usiwapake watoto dawa ya kupe ili kuua chawa au upele. Sumu hupita kwenye ngozi. Na kama ulikuwa ukipulizia, oga na ubadilishe nguo kabla ya kumshika anayenyonya.

Dawa ibaki katika chombo chake chenye lebo, ifungiwe mbali na chakula na vyombo. Ikiwa iliwahi kuhamishiwa kwenye chupa ya maji au soda, nenda na chupa hiyo hospitali pamoja na mtoto, na kama kopo la dukani bado lipo, libebe pia, limefungwa kwenye mfuko wake peke yake. Mwambie mhudumu ni dawa ya nini, mtoto aliigusa saa ngapi, na kama aliinywa au alimwagikiwa.